Nondo Iliyochomekwa Kwenye Maranda

Hebu mwone Kasian anavyofika kazini. Mzee wa miaka sitini na moja, koti la mvua mwilini hata jua likiwaka, mkoba wa turubai begani, testa ya kupimia umeme mfukoni mwa shati kama kalamu ya mwalimu. Anasalimu "Kamwene," anapokea kiti, kisha anauliza nyumba ina watu wangapi, maana yeye hawashi taa hata moja mpaka wote waje kumsikiliza. Bibi anatolewa jikoni, watoto wanaitwa. Hapo Mafinga tulimzoea hivyo kwa miaka thelathini.

Kwamba aliujua umeme kwa kumchimbia fundi mashimo ya nguzo kule Uyole, akiwa kijana, hakuficha. Fundi huyo alikuwa mkali na hakupenda maswali, kwa hiyo Kasian akaapa kwamba yeye ataeleza hata asipoulizwa.

"Umeme hauishii kwenye taa," huwaambia. "Unakuja kwa waya huu, unarudi kwa huu. Ukikosa pa kurudia, hauendi popote. Volti ni msukumo. Ampia ni wingi wa kinachopita. Ukinzani ni ugumu wa njia: njia ikiwa ngumu kinapita kidogo, ikiwa nyepesi kinapita kingi."

Halafu anaushika waya wa tatu, wa kijani na njano, ule wa ethi. Huu, anasema, siku zote hauna kazi. Unangoja siku waya wa moto, ule unaoleta umeme, utakapochubuka na kugusa bati la mashine. Siku hiyo unaubeba umeme hadi kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini, umeme mwingi unapita mara moja, fyuzi inaungua, watu wanapona. Bila huo, bati linabaki na umeme wake, linamsubiri mtu. Na mtu aliyesimama chini, yeye mwenyewe ni njia.

Sasa, ndugu msomaji, mwaka juzi mwezi wa tatu Kasian alifunga umeme kwenye karakana ya Rabson, anayeranda mbao za misonobari kwa ajili ya milango na dari. Mvua ilikuwa inanyesha. Nondo ilizama vizuri mno, nyundo kumi tu, na Kasian akafurahi kwamba udongo ni laini. Ili kuijaribu, akaunga taa kati ya waya wa moto na nondo. Taa ikawaka vizuri. Akafunga mkoba.

Mwezi wa tisa, mchana, Dastan aliyekuwa akiendesha mashine ya randa alitoka kunawa mikono ale. Akakumbuka hajaizima mashine. Akarudi na malapa yameloa, akashika bati. Alikufa pale pale kwenye sakafu.

Wiki ile ile ya mazishi Kasian alikwenda kuitazama nondo. Akaishika kwa mkono mmoja, ikatoka. Yote ilikuwa imefunikwa na maranda makavu, mepesi kama unga. Kumbe uwanja ule wote, kabla Rabson hajaununua, ulikuwa shimo, na watu wa mbao walilijaza maranda miaka na miaka, wakamwaga juu kifusi chekundu kidogo. Mwezi wa tatu maranda yalikuwa yamelowa, na taa huhitaji umeme mdogo sana, hivyo ikawaka. Kiangazi kikayakausha. Waya ulipochubuka umeme ulikosa njia, fyuzi ikakaa kimya, bati likasubiri mtu.

Aliirudisha nondo shimoni na kwenda nyumbani. Hakusema.

Aliyesema ni Rabson. Alisema Dastan alikuwa amekunywa pombe ya komoni tangu asubuhi. Mji ukalipokea neno hilo upesi, maana mlevi akifa hakuna anayetazama waya. Tekla, mjane wa Dastan, alilisikia sokoni akiuza viazi. Mumewe aliacha pombe tangu binti yao Eveline alipozaliwa, miaka tisa, na sasa Eveline alikuwa anarudi kutoka shuleni akilia kwa kuitwa mtoto wa komoni. Tekla alitaka kitu kimoja tu, jina la baba wa mtoto wake lisafishwe. Hakujua amwendee nani.

Januari, Kasian akiwa katika somo lake kwenye nyumba moja, mama mwenye nyumba akamsaidia kueleza: msishike vitu ovyo kama yule mlevi wa kwa Rabson. Watoto wakacheka. Kasian akashindwa kuendelea. Alikwenda moja kwa moja kwa Tekla, akamweleza yote akiwa amesimama.

Tekla akauliza, "Ulijua lini, baba?"

"Wiki ya mazishi."

"Na mtoto wangu ameitwa mtoto wa mlevi miezi minne, wewe unajua."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniambie mimi. Mimi nilijua hakunywa. Kawaambie wao."

Jumapili, kanisani kigangoni, baada ya matangazo, katekista akampa nafasi. Kasian akaeleza kama anavyoeleza siku zote, polepole, msukumo, njia, ukinzani, maranda. Akamaliza kwa kusema, "Dastan hakuwa amelewa. Aliyekosea ni mimi." Mtoto mmoja alikohoa. Nje, Rabson aliwaambia watu kwamba mzee amechoka akili, anambeba mjane.

Ukaona kilichofuata? Waliomwamini waliacha kumwita kazini. Wasiomwamini waliendelea kumwita Dastan mlevi. Tekla akamhamisha Eveline, akampeleka Iringa kwa shangazi yake, ambako hakuna anayemjua baba yake kwa lolote.

Rabson alimchukua fundi mwingine, Gwakisa, kijana hodari, mwepesi, asiyechelewesha watu kwa masomo. Nondo moja Gwakisa huikata katikati, itoshe nyumba mbili. Kasian alimfuata akamsihi asipigilie nondo ya Rabson uwanjani pale, akamwonyesha ulipo udongo wenyewe, nyuma ya choo.

Gwakisa alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo mzee, ila mimi sijaua mtu."

Siku hizi Gwakisa ana kazi mpaka mwezi ujao, na Kasian anarekebisha pasi na redio kibarazani kwake. Wewe nyumba yako ikifika hatua ya kuwekwa umeme, utamwita nani?