Bi Rudia na Virusi Waliolala

Mtaalamu wetu wa maabara tulimbandika jina la Bi Rudia, na mwenyewe alilijua. Ukimpelekea jibu, hata liwe zuri namna gani, alilitazama juu ya miwani kama mama mkwe anayekagua sufuria zilizooshwa, kisha akasema, "Rudia." Kazi yake ilikuwa kuwasaka virusi wa Ukimwi wanaojificha ndani ya chembe za damu zilizolala, mahali ambapo vidonge haviwafikii. Aliwaamsha kwa dawa ili kinga ya mwili iwaone na kuwamaliza. "Amkeni, wavivu nyie," aliwanong'oneza, akigonga kwa ukucha kabati la joto la kutunzia chembe. "Mnalala kwa watu bila hata kupiga hodi?"

Juzi, chembe za mgonjwa mmoja aliyejitolea, zilizoamshwa na kutibiwa kwa kingamwili mpya, hazikutoa kirusi hata mmoja. Mwenzangu akapiga kigelegele. "Rudia," akaambiwa. Tulirudia mara tatu, na mara zote tukapata sifuri. Bi Rudia alivua glavu, akazikunja vizuri, akazitia mfukoni badala ya pipani, kosa ambalo angemfukuzia mtu kazi. Kisha akampigia kaka yake, anayemeza vidonge hivyo vya Ukimwi kila siku mwaka wa kumi na nane sasa. "Kaka, umemeza dawa?" "Nimemeza. Mbona unalia?" "Silii. Nakata vitunguu." "Huko maabara?" "Ndiyo, huku huku," alisema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Vidonge usiache. Na usithubutu kufa kabla sijamaliza kazi."