Mishale Iliyodanganya Bwawani Hombolo

Harufu ya waya unaoungua huwakera watu wote, ila mimi hunichangamsha. Juzi jirani yangu aliunguza waya wa pasi, nikajikuta mlangoni kwake navuta pumzi kama niliyepita karibu na jiko la pilau. Harufu ile hunirudisha Hombolo, kwenye bwawa, ndani ya boti kuukuu ya rangi ya samawati, nikiwa na miaka kumi na magoti yamejaa grisi.

Mama yangu alikuwa fundi umeme wa magari. Kazi alijifunzia kwenye karakana ya shirika la umma pale Dodoma mjini, na shirika lilipopunguza watu, yeye alikuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Akaweka benchi barazani kwetu, akaandika ukutani kwa chaki: FUNDI UMEME. Wanaume waliokuja na magari yao walimtazama, wakamsalimia vizuri, kisha wakauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?"

Miaka ile mitumba iliingia kutoka kila upande: redio, friji, viatu, hata meno ya bandia niliyaona sokoni kwa macho yangu. Lakini Bwana Salehe, mfanyabiashara wa mtaani kwetu, aliwazidi wote. Alileta boti. Ilikuja juu ya lori kutoka Mwanza, ikapita katikati ya vumbi letu, nasi watoto tukaifukuza huku tunapiga kelele. Dodoma na boti wapi na wapi! Alitaka ivushe watu na matenga ya zabibu pale Hombolo, wasilizunguke bwawa lote kwa miguu.

Safari ya tatu ikazimika katikati ya maji. Geji ya mafuta ilionyesha tangi limejaa pomoni, kumbe halina hata tone. Abiria walirudi ufukoni wakipiga maji kwa ndala na sufuria. Akaitwa fundi, akafunga geji mpya. Nayo ikadanganya vilevile. Tangu hapo hakuna aliyekubali kupanda. Ndipo Bwana Salehe akaja barazani kwetu.

"Fundi, boti unaiweza?"

"Umeme ni umeme," Mama akajibu bila kupepesa macho. Mgeni alipokwisha kuondoka, Mama akaniinamia na kuninong'oneza, "Zena, hivi boti ndani ikoje?"

Jumamosi asubuhi tulikuwa Hombolo. Nahodha, Mgogo mmoja mpole aitwaye Malogo, alitupokea kwa "Mbukwenyi!" na tabasamu pana, mimi nikampa shikamoo yake. Nyuma yake walisimama watu kama ishirini, waliokuja kumwona mwanamke atakayeshindwa.

Mama aliniketisha mbele ya usukani, penye geji zote na mishale yake. Kazi yangu ilikuwa swichi na macho.

"Washa taa. Mishale inafanyaje?"

"Inaruka, Mama! Yote!"

"Zima."

"Imerudi!"

"Washa tena. Piga honi."

Nikapiga honi, mishale ikacheza ngoma. Nilicheka hadi nikapaliwa. Nilijiona naiendesha dunia nzima kwa kidole kimoja. Mama hakucheka. Alikaa juu ya visigino vyake, bisibisi mdomoni, akaitazama sakafu ya boti muda mrefu. Ghafla akajipiga paji la uso.

"Faiba! Mimi mjinga kweli. Hii si gari!"

Akanieleza kwa haraka, maneno yakigongana. Kwenye gari, umeme ukishafanya kazi hurudi kwenye betri kupitia bodi, maana bodi ni chuma. Boti ile ilikuwa ya faiba, na faiba haipitishi umeme. Kwa hiyo kila taa na kila geji lazima iwe na waya wake wa kurudi, na nyaya hizo zote lazima zikutane mahali fulani. Hapo mahali pakiharibika, mishale yote inasema uongo, hata ukiibadilisha mara mia.

Tukaanza kuufuata waya. Mama alipita chini ya viti, mimi nikajipenyeza pembeni mwa tangi, tukiitana kama watu wanaomfukuza kuku. Nyuma kabisa, chini ya ubao uliooza, palipokuwa pakinuka waya ulioungua, vidole vyangu viligusa kitu chenye ungaunga.

"Mama! Bolti! Ina kutu ya kijani!"

"Usiiachie!" akapiga kelele, kana kwamba ingekimbia.

Akachomoa nyaya moja moja, akazisugua kwa msasa hadi shaba ikang'aa, akaifunga bolti upya. Nikawasha taa. Mishale ikatulia tuli. Ule wa mafuta ulishuka taratibu kutoka juu, ukasimama kwenye robo. Malogo akatumbukiza kijiti kwenye tangi, akakitoa: kimelowa robo. Akamimina dumu zima la petroli, na mshale ukaanza kupanda mbele ya macho yangu. Nikapiga vigelegele.

"Haya jamani, pandeni," Bwana Salehe akawaambia watu.

Hakuna aliyesogea. Mama mmoja mwenye tenga la zabibu akasema, "Apande fundi kwanza."

"Tutapanda," Mama akasema. "Mimi na binti yangu."

Tulikwenda ng'ambo na kurudi, upepo ukinijaza mdomo, na mimi nikiwapungia watu mkono kama mke wa rais. Tulipofika, yule mama alikuwa wa kwanza kupandisha tenga lake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Mama alinipa matembezi. Mpaka nilipomsindikiza binti yangu kujifunza kuogelea, tukaenda na Mama. Mama akagoma kabisa kusogelea maji. "Mimi maji nayaogopa tangu utoto," akasema. Nikamuuliza, na Hombolo je?

"Nilikuwa natetemeka," akasema. "Lakini wale watu walikuwa na watoto wao. Ningewaambiaje boti ni nzima, halafu wangu nimwache nchi kavu?"