Haki Tuliyopewa Bomani

Enzi za Wajerumani mume wangu alichimba ulanga, yale mawe ya kung'aa, kwa mzungu mmoja huku Uluguru. Mvua zilipozidi, mzungu akawa anawarudisha watu nyumbani adhuhuri, halafu anasema nusu siku haihesabiwi. Akiulizwa mshahara, anajibu kesho. Tulikuwa tunakula mboga za porini, na kodi ya nyumba ya serikali ilikuwa inatukaba koo.

Tukashuka hadi boma la Morogoro, mimi na mtoto mgongoni. Mume wangu akaeleza shauri lake. Mjerumani wa boma akamsikiliza mpaka mwisho.

"Haki unayo," akasema. "Nitamwita, atakulipa. Kodi yako umeleta?"

"Bwana, nitatoa wapi, naye hajanilipa?"

"Hilo ni shauri jingine."

Askari wakamtia mnyororo pamoja na wafungwa waliokuwa wakichimba barabara. Nikaangukia miguu ya yule bwana nikilia. Akanipita. Nikapanda mlima peke yangu, maziwa yamenikaukia, mtoto ananyonya na kulia.

Mzungu alilipa, lakini mvua zilikuwa zimeshakatika. Fedha yote niliipeleka bomani kulipa kodi, ndipo wakamfungua mume wangu.