Draiva Iliyonikalisha Kitandani kwa Mama Mkwe

Mimi hii habari ningeenda nayo kaburini, nawaambia ukweli, kama si kwamba kila nikipita stegi ya matatu ya Gachoka kuna mtu anamgusa mwenzake bega na kumwambia "ndiye yule wa kitanda." Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaisimulia vibaya (kuna wanaoapa nilipatikana nimelala, viatu chini, shuka nimejifunika, uongo mtupu), kwa hiyo afadhali mwisikie kutoka kinywani mwangu, mcheke mnavyotaka, halafu tuendelee na maisha.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta pale Meru mjini, na nyumbani ni Kaaga. Wateja wangu wananijua kwa ugonjwa mmoja unaoitwa Linux, ile system ya bure iliyoandikwa na watu wa kila pembe ya dunia, ambayo yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoundwa ndani. Mtu akiniletea laptop iliyozeeka, inayowaka polepole mpaka githeri inaiva ukiingoja, mimi namwekea Linux na mashine inarudia ujana. Shida yake ni kadi za wireless, kile kipande cha ndani kinachoshika network bila waya. Kila kadi inataka draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha system kuongea na kadi, na kuna kadi ambazo waliozitengeneza hawakumwambia mtu siri zake, basi draiva zake zimeandikwa na watu wa kujitolea kwa kupapasa tu gizani. Ndiyo maana huwezi kusema laptop iko tayari mpaka upime, na mimi nilipima, tafadhali mlikumbuke hilo, nilipima.

Sasa, wakati huo nilikuwa nimeshikwa na penzi la Wawira, binti wa mzee Njeru wa Gachoka, na tulikuwa tumefika siku ya kupeleka mahari. Kwao, kama kwetu, binti hatolewi kabla mjomba wake hajasema neno, yaani kaka ya mama yake, na huyo mjomba, jina lake Ireri, anafanya kazi kwenye meli za mizigo huko mbali. Jumamosi hiyo meli yake ilikuwa bandarini, na kesho yake ilikuwa inaondoka, na ikiondoka simu zake hazishiki tena. Mzee Njeru alishasema waziwazi kwamba mjomba asipoonekana na kusikika siku hiyo, hakuna mbuzi atakayepokelewa, tutarudi nao Kaaga tungoje meli irudi, na hakuna aliyejua inarudi lini.

Nyaga, kaka yake Wawira, alinipigia mapema akaniambia atampigia mjomba kwa video kwenye simu yake, wazee wapokezane simu, mambo yaishe. Ningesema sawa pale, leo ningekuwa mtu wa heshima zake. Lakini mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwaonyesha wakwe zangu kwamba binti yao anaolewa na fundi, sio mtu wa kubahatisha. Nikamwambia simu ni kitu kidogo, wazee wenye macho mabovu watamwonaje mjomba, mimi nitakuja na laptop na waya mrefu wa TV, mjomba aonekane mkubwa kama waziri kwenye taarifa ya habari.

Laptop niliyochagua nilikuwa nimeiwekea Linux wiki hiyo hiyo. Niliipima dukani, router, kile kisanduku kinachorusha internet, ikiwa kwenye rafu juu ya kichwa changu, na network ikajaa, nikacheza video, nikapiga simu ya video, sauti safi, picha safi. Nikaifunga nikiwa na ile furaha ya mtu aliyefaulu mtihani aliojitungia mwenyewe.

Tukafika Gachoka kama saa nne, jua tayari limeshika kazi, sisi wa Meru tumevaa masweta ya kwetu tukaanza kuyavua mmoja mmoja. Baba mkubwa ndiye alikuwa msemaji wetu, amebeba kile kifurushi cha miraa kutoka Maua kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Tukapokewa vizuri, wazee wakakaa chini ya hema, TV ikatolewa ikawekwa barazani ikiwatazama, nami nikapitisha waya wangu dirishani na kuunganisha laptop kwenye meza ya sebuleni. Nikaiwasha, alama ya Linux ikatokea kubwa kwenye TV, mzee mmoja akaitikia kwa kichwa, nami kifua kikanijaa.

Halafu nikafungua orodha ya network, na orodha ilikuwa tupu.

Nilidhani macho. Nikazima wireless, nikawasha tena. Tupu. Na hawa watu walikuwa na router ndani, simu zao zote zilikuwa zinashika hata chini ya hema, watoto walikuwa wanacheza video nyuma ya jiko. Laptop yangu peke yake ndiyo iliyokuwa kama haijazaliwa. Jasho likaanza kunitoka mgongoni, na kila nilichofanya kilikuwa kinaonekana pale kwenye TV, mshale wa mouse ukitetemeka mbele ya ukoo mzima. Nyaga akaja akaniuliza kwa upole kama tusitumie tu simu yake. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, ni draiva tu," kwa sauti ya daktari, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikaibeba laptop mikononi, nikaigeuza huku na huku, na nilipoielekeza ndani ya nyumba, kijistari kimoja cha network kikatokea. Nikapiga hatua moja, kikabaki. Nyingine, vikawa viwili. Basi mimi nikaanza kukifuata, macho yamenata kwenye kile kialama, waya wa TV ukiburutika nyuma yangu sakafuni (waya mrefu ule niliojivunia, ungekuwa mfupi ungeniokoa). Nikavuka sebule, nikaingia kwenye korido, nikasukuma mlango kwa kiwiko, vistari vikajaa vyote. Mle ndani kulikuwa na giza kidogo, mapazia yamefungwa, na nilikuwa nimetoka kwenye lile jua, nilichoona ni taa za router zikipepesa kwenye pembe, na mimi ni kama nimeona mbingu. Kupiga simu kunataka mikono miwili, nikakaa kwenye kitu cha kwanza kilichonigusa nyuma ya magoti. Kilikuwa laini. Nakumbuka nilijiambia hiki kiti ni kizuri.

Simu ikaita, ikashika, mjomba Ireri huyo, uso mzima, na kule nje nikasikia wazee wakipiga makofi. Nikafunga macho nikamshukuru Mungu. Makofi yakakatika ghafla, yote kwa pamoja, na mjomba akasogeza uso karibu na kamera yake.

"Hebu kijana, umekaa wapi hapo?"

"Hapa ndani kwa nyumba, mjomba. Network hapa iko sawa kabisa."

"Hiyo mbao ya nyuma yako ina ua limechongwa. Hicho ni kitanda cha dada yangu. Mimi ndiye nilimnunulia."

Kwa ambaye si wa huku kwetu, wacha nieleze: mkwe wa kiume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Hata kama nyumba inaungua, wewe unasimama dirishani unapiga kelele watoke. Kumpa mkono tu kuna heshima yake. Sasa kukaa kitandani kwake, siku ya mahari, mbele ya wazee wa pande mbili, kwa TV, hilo sijawahi kusikia mtu amefanya tangu nizaliwe, na mwenye kulifanya nilikuwa mimi, Mwenda, mtoto wa kanisa. Nikaangalia ile picha yangu ndogo kwenye pembe ya skrini, na nyuma yangu, mlangoni, nikamwona Mama Nyaga, mama mkwe mwenyewe, amekuja kuchukua leso. Aliweka mkono mdomoni, akaniangalia nilivyokaa, akarudi nyuma taratibu kama mtu aliyekuta nyoka.

Niliruka, nikaiacha laptop pale pale juu ya blanketi, nikatoka mbio, na nilipofika barazani nikakuta wazee wote wanatazama TV, ambako ile picha ya pembeni ilikuwa inaendelea kuwaonyesha mto wa Mama Nyaga na lile ua, wazi kabisa, picha safi. Hakuna aliyenigeukia. Ndugu yake mzee Njeru ndiye alisimama kwanza, akasema kwa utaratibu kwamba hii ndoa imeanza na mkosi, na wageni wafungue mbuzi wao warudi nao salama. Baba mkubwa akaanza kuomba msamaha. Nikamtafuta Wawira, nikamwona mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, ananitazama bila kulia na bila kucheka. Mimi jamani niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, si kwa ajili ya aibu, aibu ilikuwa imeshapita kimo, niliogopa kwamba nimempoteza hivi hivi, kwa sababu ya kadi ya wireless.

Ndipo TV ikaongea. Kumbe simu haikuwa imekatika, na dirisha la chumba lilikuwa wazi, mjomba alikuwa anasikia kila neno.

"Aliyekosewa heshima hapo ni dada yangu," alisema, "na wa kusema juu ya dada yangu ni mimi. Njeru, ingia huko tuongee."

Sasa tazameni mambo. Laptop ile haishiki network nje, kukata simu tumpigie upya kwa ya Nyaga hakuna aliyethubutu, asije akapotea, na mle chumbani hakuna mwingine anayeruhusiwa ila mwenye chumba. Basi mzee Njeru akavua kofia, akaingia, na sisi wote tukamwona kwenye TV akikaa kwenye kitanda chake, laptop mapajani, matundu ya pua yamejaa ile picha ya pembeni yote. Wazee wakahama na viti vyao wakaenda kupanga mstari chini ya dirisha la chumba, wakawa wanatoa hoja zao kupitia kwenye pazia, na mzee Njeru anazipeleka kwa mjomba, na jibu linarudi kupitia pazia hilo hilo. Mahari yangu ilijadiliwa kutoka kitandani, mchana kutwa, mimi nimekaa na mbuzi.

Nilisikia mjomba akiuliza nilikuwa natafuta nini mle ndani. Mzee Njeru akajibu kwamba eti network. Mjomba akasema yeye mwenyewe alikuwa amejificha kwenye stoo ya jiko la meli, mahali asiporuhusiwa kuingia, kwa sababu ndipo simu inaposhika, na kama mpishi angemkuta angefukuzwa. Nadhani hapo ndipo niliposamehewa. Lakini adhabu ilikuwepo: mbuzi wa kutakasa chumba, na dada yake asilale tena kwenye kitanda kile, nilete kipya, mbao ngumu, na nikilete mwenyewe. Mahari ikapokelewa. Wazee wakala, miraa ikafunguliwa, na ndugu yake mzee Njeru akanisukumia sahani bila kuniangalia.

Ni wakati nanawa mikono ndipo nilipotia mkono mfukoni kutafuta leso, nikatoa waya wa simu. Ule waya wa kuchaji. Ningechomeka simu yangu kwenye laptop, simu ishike network ya hapo na kuipitisha kwa waya, draiva ya wireless isingehitajika kabisa. Hilo nawafundisha wateja kila wiki. Nilikaa na huo waya mkononi mpaka chai ikapoa.

Na niliporudi Kaaga nikaifungua laptop, nikakuta nini? Kadi ilikuwa na mahali pa antena mbili, imefungwa antena moja tu, na draiva ilikuwa inasikilizia upande usio na kitu. Ndiyo maana ilishika router iliyo juu ya kichwa changu na ile ya Gachoka haikuishika mpaka nilipoisogelea chumbani. Dawa yake ni kuandika mstari mmoja, kuiambia isikilize upande wa pili. Mstari mmoja, na ungeandikwa Ijumaa, kama ningetoka tu nje ya duka na laptop mkononi.

Kitanda nilikipeleka kwa pikapu, kimesimamishwa wima, na Gachoka nzima ikatoka kukiona. Sikukiingiza ndani, nani angenikubalia, Nyaga na wenzake walikibeba nami nikangoja langoni. Mzee Njeru akaja akanionyesha nguzo ya lango. Alikuwa ameitoa router chumbani akaifungia pale, ndani ya sanduku la mbao lenye paa dogo la bati, na waya wa umeme ameuzika ardhini mpaka huko. Akaniambia internet yangu ni hiyo hapo, sina sababu tena ya kupita lango hili nikitafuta kitu.

Siku hizi nikipima kadi ya wireless natembea na laptop mpaka mwisho wa shamba la migomba, majirani wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa, na nyumba ya watu siingii kabla sijauliza router iko chumba gani. Sitapima tena kitu chochote mahali pamoja nikasema kimepona.

Lakini siku ile ya pikapu, kabla sijaondoka, Mama Nyaga alitoka. Tangu mkosi ule hakuwa ameniambia neno, salamu zake zilikuwa zinapitia kwa Wawira. Alisimama mbali, upande wa pili wa lango, leso kichwani, akatazama chini, nami nikatazama chini.

"Mwanangu, asante kwa kitanda," alisema. "Hiki usikipime."