Msafara Uliopakwa kwa Brashi ya Nyusi

Fundi Mfaume wa mtaa wa Ipuli amechonga vitanda na milango kwa miaka thelathini, wala hakuna aliyemcheka. Kicheko kilianza siku alipoingia duka la vipodozi akaomba brashi ndogo kabisa ya nyusi, sponji za poda na kibano.

"Fundi, nikuwekee na kope za bandia?" Shamila, muuzaji, alimuuliza mbele ya wateja.

"Weka rangi ya kucha, nyeusi. Kope zangu zinatosha."

Alikuwa anatengeneza msafara wa zamani wa kwenda pwani, juu ya ubao wenye urefu wa mlango. Watu aliwachonga kwa mninga, kila mmoja mrefu kama kidole cha shahada. Brashi ya kupaka rangi milango ingefunika uso mzima kwa mguso mmoja; ya nyusi ilimpa jicho na mdomo. Vilima vilikuwa vipande vya godoro bovu alivyovipaka gundi na kuvinyunyizia unga wa mbao, kisha akavigongagonga kwa sponji yenye rangi mpaka vikapata wekundu wa njia ya kiangazi. Kwa kibano alifunga minyororo, yaani vikufu vyembamba vilivyokatika vya dada yake Maua.

Minyororo hiyo ndiyo iliyomleta Mzee Nasri, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho ya mtaa. Kamati ilikuwa imeupa msafara nafasi ya mbele ukumbini, heshima ambayo Mfaume hajawahi kupewa maishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiongozi na bendera yake, wapagazi, pembe za ndovu, vyote safi. Ila hawa wanawake kumi waliofungwa shingoni, wapake rangi ya vumbi wafanane na vichaka."

"Walipita hapa, mzee."

"Na wajukuu zao wapo hapa. Tunaoana, tunazikana. Unataka watu waanze kuulizana nani alifunga, nani alifungwa?"

"Bibi yake mama yangu alifungwa. Babu yake baba yangu alishika kamba. Mimi nimeshajiuliza, na bado nakula na kulala."

"Basi ukumbini hauingii."

"Usiingie."

Mzee Nasri si mtu mbaya, anapenda amani. Lakini amani inayodai watu wafutwe haifai kuombwa kwa fundi wala kwa mtu yeyote. Mfaume alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, na mwenyekiti akiwa bado amesimama, akaanza kuwaongezea wale wanawake weupe wa macho, mmoja baada ya mwingine, ili waonekane hata kutoka barabarani.

Ijumaa iliyofuata, waliotoka msikitini waliukuta msafara barazani kwake. Wengine walisimama mbali. Wengine waliinama karibu. Mzee Nasri alipita bila kugeuza shingo, na Mfaume akampa shikamoo ya kusikika mtaa mzima. Kisha akawarudia waliokuwa wakiuliza.

"Huyu wa tatu," alisema, "ni bibi yake mama yangu. Aliitwa Tunu."