Maneno Matano ya Shangazi Kadzo

Shangazi yangu Kadzo anauza mahamri Makupa, na kwenye simu ya video huonyesha paji la uso peke yake. Mjukuu wake Emmah, aliyezaliwa Uholanzi, ana miaka mitano na bibi anayemjua ni hilo paji, linalosema maneno asiyoyaelewa. Kila Jumapili mtoto huchungulia, akakimbia. Shangazi hucheka, kisha akaenda kukanda unga kwa hasira.

Mwezi uliopita akaniambia, "Wewe unayeshinda mtandaoni, nitafutie Kiholanzi. Kidogo tu, cha kumfanya akae."

Nikampa hii: Ik bak brood voor jou. Mimi naoka mkate kwa ajili yako.

"Maneno matano? Sisi 'nakuokea', tushamaliza. Na hamri si mkate."

"Shangazi, wao hawana hamri."

"Pole yao."

Akajifunza akikaanga. Ik, anakata unga. Bak, anatosa kwenye mafuta. Kitsao wa mkokoteni akiomba mawili, anajibiwa Kiholanzi. Nikamwonyesha pia kwamba ukitoa brood waweza kuweka kingine: rijst ni wali, vis ni samaki. Akaguna tu.

Jumapili ikafika. Akaanza: "Hujambo mjukuu wangu, umeamkaje, baba hajambo, na hiyo baridi yenu je..." Alipofika kwenye kuulizia majirani, Emmah hayupo.

"Ungeanza na sentensi," nikasema.

"Niingie kwa mtu bila hodi? Kwani mimi nililelewa wapi?"

Tukabishana wiki nzima. Jumapili iliyofuata akavuta pumzi, akainua hamri mbele ya kamera.

"Ik bak brood voor jou."

Emmah, aliyekuwa ashageuka, akarudi mpaka pua ikajaza kioo. "Voor mij?" Yaani, kwa ajili yangu mimi?

Hilo sikuwa nimelifundisha. Nikataka kusaidia, nikapigwa kiwiko. Shangazi akaingia jikoni na simu yake, akatoka na samaki tafi amemshika mkia.

"Ik bak vis voor jou."

Mtoto akacheka, akaketi sakafuni. Nyuma yake mamake, Caroline, amejifunika mdomo.

Ndipo shangazi akajitengeneza leso, akaanza salamu zake upya, na majirani wote ndani. Emmah akakaa mpaka mwisho.

Sasa ukinunua hamri Makupa, unaelezwa kwanza: ile sentensi ya samaki aliitunga mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Mwalimu hatajwi, na hamri bado nauziwa bei ya kila mtu.