Niliambiwa nisimwandike dada yangu Masika kwenye insha ya kuombea chuo

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasese, ambako asubuhi hii mlima umejitokeza wote bila wingu. Jambo hili nimelikalia miaka kadhaa. Nitalisema lilivyokuwa, na pale niliposema uongo nitawaonyesha kwa kidole.

Juzi mdogo wetu mmoja humu aliuliza: kwenye insha ya kuombea chuo cha nje, aandike mambo mazito ya nyumbani au kitu salama? Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimelifungulia uzi.

Kwanza mjue hili. Sisi Wakonzo majina yetu yanafuata hesabu. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Ukitaja jina, mtu wa kwetu anajua ulizaliwa wa ngapi.

Mimi ni Biira.

Dada yangu Masika aliumwa akili akiwa Senior Four, yaani kidato cha nne. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Aliacha kulala, akaanza kuhubiri kwenye paredi ya shule, kisha siku moja akavunja vioo vya bweni kwa mikono mitupu, akisema kuna watu ndani wanakosa hewa.

Baba akampeleka Bwera, mpakani na Kongo, kwa bibi yetu. Pale kuna hospitali, akaanzishiwa dawa.

Mwaka uliofuata baba alipata kazi kwenye kiwanda cha saruji, tukahamia kota, nyumba za wafanyakazi. Majirani walitoka kila pembe: Wakenya, Waacholi, Wateso. Kiswahili changu nilikiokota pale, kwenye foleni ya bomba la maji.

Siku ya kwanza bombani, Mama Akinyi, Mkenya wa mlango wa pili, alimuuliza mama ana watoto wangapi.

"Mmoja," mama akasema.

"Mmoja tu! Kwani mzee wako huwa anarudi nyumbani kweli?"

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka. Hivyo ndivyo dada yangu alivyofutwa, wakuu, katikati ya kicheko na ndoo za maji.

Pale kota hakuna aliyejua hesabu ya majina yetu, kwa hiyo uongo ulikaa salama. Shuleni Wakonzo wenzangu waliijua hesabu hiyo, lakini walidhani Masika amekufa, na kwa adabu hawakuuliza.

Kila likizo nilikwenda Bwera kumwona. Nikirudi nasema nilikuwa kwa bibi.

Sasa tuje kwenye insha. Nilimaliza Senior Six na alama nzuri, nikaomba chuo nje chenye ufadhili kamili. Bila ufadhili ule, safari yangu ya shule ilikuwa imeishia pale. Waliuliza: ni jambo gani tusipolijua, hatutakujua wewe?

Niliandika insha mbili.

Ya kwanza ilihusu kupanda Rwenzori na wapagazi wa Nyakalengija, kijiji cha chini ya mlima: theluji, uvumilivu, jua likichomoza. Insha tamu. Ila Nyakalengija nilifika mara moja tu, nikanywa soda, nikarudi. (Chekeni tu, ni haki yenu.)

Ya pili ilimhusu Masika. Hiyo niliiandika kwa pumzi moja, karatasi ikalowa.

Nikampelekea zote mbili Mwalimu Wafula, Mkenya wa pale kota aliyekuwa akinisaidia Kiingereza. Alizisoma taratibu, miwani puani, akawa wa kwanza pale kota kujua kwamba nina dada.

"Binti, hii ya dada ni moto," akasema. "Wale watasoma habari za kichaa, watajiuliza kama na wewe umo. Una nafasi moja. Tuma ya mlima, lala usingizi."

Hakuwa mtu mbaya. Alinipenda, na aliogopa kwa niaba yangu. Nikakubali.

Nikaenda mjini kwenye kafe ya intaneti. Aliyenichapia alikuwa Mkonzo mwenzangu wa Bwesumbu anaitwa Kule, mcheshi, vidole vinaruka. Akafika kwenye fomu, sehemu ya familia. Mimi nilikuwa nimeandika: mtoto wa kwanza, mtoto pekee.

Akasimamisha vidole.

"Wewe iko Biira, na iko wa kwanza? Ulipita njia gani? Masika mulimuweka wapi?"

Nikainamia karatasi zangu. Kicheko kikamtoka usoni.

"Aa, pole sana. Alikufa?"

Wakuu, nilitikisa kichwa kukubali.

Huo ndio uongo wangu niliowaahidi. Sikusema neno, lakini nilimzika dada yangu aliye hai mbele ya kompyuta, na mtu wa watu akaondoa mkono kwenye kipanya na kuinamisha kichwa kwa heshima ya marehemu.

Nikamwambia asitume. Nikachukua karatasi zangu zote, nikaenda Bwera siku hiyohiyo.

Masika alikuwa kwenye kibaraza chake karibu na barabara ya mpakani, anashona vitenge, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Miaka yote ile ya mpakani ilimfanya aongee kama watu wa upande wa pili, wa Kongo.

"Ju ya nini uko nalia, mudogo yangu? Mutu amekufa?"

"Wewe," nikasema. Nikamweleza yote, mpaka kile kichwa nilichotikisa.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Nilingoja anitukane. Akaanza kucheka mpaka mteja wake akageuka.

"Basi mimi ni muzimu mwenye iko nashona rinda ya huyu mama. Lete hiyo barua."

Alisoma insha ya pili yote. Kiingereza chake hakikupotea na ugonjwa. Alipomaliza hakucheka tena.

"Uliniandika muzuri. Lakini uliniacha kwa vioo. Baba ananipandisha gari, na barua inakwisha. Na hii mashine? Na dawa yenye niko nakunywa kila asubuhi? Na wale wasichana wawili niko nafundisha kushona? Uliandika ugonjwa yangu, Biira. Mimi, bado."

Nimeandika riwaya tangu wakati ule, na nimekaa kwenye mabaraza ya waandishi ambako watu wanabishana juu ya mwisho wa hadithi mpaka chai inapoa. Hakuna aliyewahi kunipa uhariri kama ule.

Nikaandika upya palepale, kwenye kigoda, vipande vya kitenge vikiniangukia miguuni. Kila aya nikimaliza namsomea. Mahali pamoja alisema, "Hapo unanihurumia sana, toa." Nikatoa.

Ikabaki fomu; nikarudi kota na nyingine tupu. Ilitaka majina ya watoto wote na sahihi ya mzazi kwamba habari ni za kweli. Nikaiweka mezani mbele ya baba, nafasi ya kwanza nikaiacha wazi.

Baba aliivuta karibu, akaisoma. Mama alisimama mlangoni, ameshika mwiko.

"Unajua watu wa hapa watasema nini," baba akasema.

"Najua, baba."

"Na wale wakikunyima kwa sababu hii?"

"Watakuwa wameninyima mimi, si mtu wa uongo."

Akaomba kalamu. Akaandika Masika, herufi kubwa, polepole kama mtu anayechonga ubao. Kisha akatia sahihi na kutoka nje. Mama akakaa chini, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu siku ile ya bomba.

Nilipata nafasi, wakuu. Na ufadhili. Barua yao ilikuwa na mstari mmoja wa mkono chini: msalimie dada yako fundi.

Siku ya kuniaga, Masika alikuja kota kwa mara ya kwanza, na gauni alilonishonea mkononi. Mama Akinyi akamwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia sura zetu zinavyofanana.

"Mzee, kumbe wako wawili?"

"Wako wawili," baba akajibu. "Huyu ndiye Masika. Biira anamfuata."

Mwalimu Wafula alikuja na keki, akaniomba insha aisome tena. Alipofika mwisho alivua miwani akaifuta, akasema tu, "Hii imekamilika."

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeuliza: chuo kingeweza kunikatalia, hilo sikufichi. Lakini kabla ya kuhesabu hatari yako, mpelekee kwanza insha yule unayemwandika. Akikataa, iache. Akikubali, muulize umemwachia wapi, kisha mwandike mpaka leo.

Nimemaliza. Nyie mliandika nini kwenye zenu, na nani mlimwacha nje? Nipo, nasoma kila jibu.